Msasa, Tezo na Nyenzo: Useremala wa Zana za Mkono na Hazina ya Maneno katika Nachingwea na Ruangwa



1.0 Utangulizi

Katika ofisi, magazeti na madarasa, ripoti hupigwa msasa, watumishi hunolewa, hoja hunyooshwa na maneno huchongwa. Walio wengi miongoni mwa wanaotumia misemo hiyo hawajawahi kushika patasi, wala hawajawahi kuona jani la msasa. Lugha imebaki na kivuli cha kazi ambayo wasemaji wake wanazidi kuiacha.

Mhadhara huu unahusu kazi hiyo, yaani uchongaji na useremala wa zana za mkono, hasa ule unaofanywa pasipo kutafuta ujira: mkulima anayechonga mpini baada ya mavuno, mwalimu mstaafu anayeunda kigoda cha mjukuu wake, kijana anayechonga bao la kuchezea chini ya mwembe. Mahali panapoangaliwa ni Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili jirani za Mkoa wa Lindi. Hoja inayojengwa ni kwamba useremala wa namna hii ni ghala la msamiati, na kwamba anayeufanya kwa mapenzi yake mara nyingi ndiye mlinzi wa mwisho wa maneno ambayo soko halina tena haja nayo. Ikiwa hoja hiyo ni sahihi, basi wanaisimu wana deni la kulipa, na muda wa kulilipa si mrefu.

2.0 Mahali, Watu na Miti

Nachingwea na Ruangwa ni nchi ya Wamwera kwa sehemu kubwa, wakiishi pamoja na Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wangindo. Katika uainishaji wa Guthrie, Kiyao kimepewa alama ya P21, Kimwera P22 na Kimakonde P23. Ukaribu wa alama hizo unaonesha ukaribu wa lugha zenyewe. Kimwera kilipata sarufi yake iliyochapishwa mwaka 1950, kazi ya Lyndon Harries, yule yule ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa utafiti wake juu ya ushairi wa Kiswahili. Kabla yake, mwaka 1906, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alipita katika nchi ya nyuma ya Lindi, akafika Masasi na Newala, akikusanya vifaa vya matumizi ya nyumbani na vinyago kwa ajili ya jumba la makumbusho la Leipzig. Vitu vilichukuliwa na vikahifadhiwa. Maneno ya mikono iliyovichonga hayakupata kabati kama hilo.

Misitu ya eneo hili ni ya miombo, jina la Kibantu ambalo wanaikolojia wa dunia nzima wamelikubali bila kulitafsiri. Kwa mchongaji, msitu huo haukusanyiki chini ya neno moja "miti". Mninga una mbao isiyopindapinda inapokauka, nao hupendwa kwa viti na makabati. Gome lake likijeruhiwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mkongo hutoa mbao imara ya milango. Mpingo, ambao wataalamu wa mimea huuita Dalbergia melanoxylon, una kiini cheusi kizito kinachofikia takriban kilo 1,200 au zaidi kwa mita ya ujazo, na kwa sababu hiyo huzama majini. Kutokana na kiini hicho hutengenezwa zumari za Ulaya ziitwazo klarineti na oboi, na ndicho kilichowapa wachongaji wa Kimakonde umaarufu wao. Mti mmoja wa mpingo huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa.

Historia ya eneo hili ina funzo moja linalohusu zana. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kilimo cha karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Misitu ilifyekwa kwa mitambo mizito, yakiwemo matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya kivita aina ya Sherman. Mwaka 1951 mpango huo ulivunjwa rasmi baada ya kula mamilioni ya pauni. Reli iliyojengwa kuunganisha Nachingwea na pwani ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kiswahili cha mahali hapo kilibakiwa na majina machache ya kumbukumbu, kama vile Farm 17, mahali palipokuja kuwa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO. Mitambo iliyokuja na fedha nyingi iliondoka bila kuacha msamiati wa maana katika vinywa vya wenyeji, ilhali tezo na shoka, ambazo hazikupangiwa bajeti na yeyote, zilibaki na maneno yake.

3.0 Matabaka ya Istilahi katika Sanduku la Seremala

Sanduku la zana la seremala linaweza kusomwa kama mwanajiolojia anavyosoma ukuta wa machimbo: kila tabaka lina umri wake.

Tabaka la chini kabisa ni la Kibantu. Maneno shoka na nyundo yana ndugu zao katika lugha nyingi za Kibantu, na wanaisimu wameyarejesha hadi kwenye Kibantu Mame. Hapo pia pana mti, ubao, mpini na kitenzi kikuu cha fani yenyewe, chonga. Hata nomino fundi husimama katika ukoo mmoja na vitenzi funda, funza na fundisha. Kwa mantiki ya lugha, ufundi na mafunzo ni watoto wa nyumba moja.

Tabaka la pili lilikuja kwa njia ya Bahari ya Hindi. Randa ni neno la Kiajemi. Bikari, chombo cha kuchorea duara, limepitia Kiarabu kutoka Kiajemi. Gundi lina asili ya Bara Hindi. Msumari ni Kiarabu mismār, nalo ni mfano mzuri wa namna Kiswahili kinavyompokea mgeni: sauti yake ya mwanzo ilisikika kama kiambishi cha ngeli, wingi ukawa misumari, na mgeni akapewa uraia kamili wa kisarufi. Abdulaziz Lodhi, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu athari za mashariki katika Kiswahili, ameonesha jinsi maneno ya ufundi yalivyo miongoni mwa ushahidi wa mawasiliano hayo.

Tabaka la tatu ni jembamba, la Kireno: parafujo, na meza ambayo seremala huiunda. La nne ni la Kiingereza: skrubu, bolti, kabati, drili. Inafaa kutambua kwamba parafujo na skrubu hutaja kitu kile kile, na kwamba la pili limekuwa likilisukuma la kwanza kando. Tabaka jipya halikai daima juu ya la zamani kwa amani. Mara nyingine hulifukia.

Mfano ulio wazi zaidi wa kufukiwa huko ni keekee. Kamusi za zamani za Kiswahili zilikieleza chombo hiki kwa sehemu zake. Keekee ni ule ulimi wa chuma unaotoboa. Chuma hicho hutiwa katika mti wa mviringo uitwao msukano. Msukano huzunguka ndani ya kishikio cha juu kiitwacho jivu, na kinachouzungusha ni uta wenye kamba iliyozungushwa mara moja. Fundi hukandamiza jivu kwa mkono mmoja na kuvuta uta kwa mkono wa pili. Drili ya umeme ilipoingia, ilileta jina moja na swichi moja. Majina manne yalipoteza kazi kwa siku moja, na pamoja nayo ilipotea fununu ya ajabu: kwamba silaha ya mwindaji na toboo la seremala viliitwa kwa jina moja kwa sababu vilitumia kanuni moja ya mvuto wa kamba.

4.0 Sarufi ya Kazi

Zana za mkono hazikukipa Kiswahili nomino peke yake. Ziliacha pia alama katika sarufi, na alama mbili zinastahili kutajwa.

Ya kwanza ni unyambuaji wa majina ya zana kutokana na vitenzi kwa kiishio -o. Kutokana na kereza hupatikana kerezo, chombo cha kuchongea vitu vya mviringo. Kutokana na tinda, yaani kata, hupatikana tindo. Kutokana na pekecha, kutoboa kwa kuzungusha kijiti baina ya viganja, hupatikana pekecho. Kanuni hiyo ingali hai, maana ndiyo iliyotoa kipimo, kifuniko na ufunguo. Kamati za istilahi zinapotafuta jina la kifaa kipya, njia hii iliyolimwa na mafundi ingefaa itembelewe kabla ya kukimbilia ukopaji.

Ya pili ni kitenzi piga. Seremala hupiga randa, hupiga msumeno na hupiga msasa, wala katika matendo hayo matatu hakuna kipigo. Piga hapa kimepungukiwa na maana yake ya asili, kikawa kichukuzi cha nomino ya zana; nomino ndiyo inayobeba maana. Muundo huo umesambaa hadi kupiga pasi, kupiga deki na kupiga picha. Mwanafunzi wa sintaksia anayetaka kuelewa piga huenda akapata mwanga zaidi katika karakana kuliko katika orodha ya nahau.

Pamoja na hayo, kitenzi chonga chenyewe kinaonesha uzalishaji mpana. Kutokana nacho hupatikana mchongaji, uchongaji na mchongo. Karibu nacho wamekaa chongoa na chongoka, vyenye dhana ya ncha. Chongea kina maana mbili: kumfanyia mtu kazi ya kuchonga, na kumsema vibaya kwa mwenye mamlaka. Anayechongea huondoa vipande vya sifa ya mwenzake, kidogo kidogo, hadi umbo analolitaka litokeze. Katika Kiswahili cha mitaani mchongo umekuwa mpango wa kupatia riziki.

5.0 Kutoka Mtini hadi Akilini

Upanuzi wa maana unaonekana vizuri zaidi katika maneno matatu.

La kwanza ni msasa. Kwa asili ni mti ambao majani yake yana ukwaruzo. Mafundi waliyakausha na kuyatumia kulainisha mbao. Karatasi yenye chembechembe za mchanga ilipoletwa na biashara, haikuhitaji jina jipya. Ilirithi jina la jani. Baadaye msasa ukatoka karakana na kuingia ofisini: mswada hupigwa msasa, na mwanamuziki pia. Katika hatua tatu, jani limekuwa karatasi na karatasi imekuwa dhana ya ubora. Mzungumzaji wa leo anayo hatua ya tatu, na pengine ya pili. Ya kwanza inabaki kwa wale wanaojua mti wenyewe unaota wapi.

La pili ni nyenzo. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Nyenzo hizo zilikuwa magogo ya kusukumia au miti ya kukwezea, iliyowekwa chini ya gogo zito ili litoke porini au chombo kishuke majini. Leo neno hilo humaanisha chochote kinachowezesha kazi: nyenzo za kufundishia, nyenzo za uzalishaji. Anayelalamika kwamba shule haina nyenzo anazungumza, bila kujua, lugha ya watu waliokuwa wakivuta gogo.

La tatu ni fundo. Katika ubao, fundo ni mahali tawi lilipochipukia. Nyuzi za mti hujizungusha hapo, na randa ikipita hukwama au hung'oa vipande. Mchongaji mwenye haraka hulipiga kwa nguvu na ubao hupasuka. Mwenye uzoefu hubadili upande, hunoa upya, huondoa unyoya mwembamba mmoja baada ya mwingine. Kiswahili husema mtu ana fundo moyoni. Anayejua fundo la ubao anaielewa nahau hiyo kwa undani ambao kamusi haiwezi kuutoa: kwamba chuki iliyokomaa haiondolewi kwa nguvu, na kwamba mahali hapo pagumu palikuwa, hapo mwanzo, mahali pa kuchipua.

Mifano mingine ipo: makali, butu, kombo, kunyooka. Noa kimefika mbali zaidi, kwani hutumika kwa kufundishwa vizuri na, katika mazungumzo ya kawaida, kwa kukosa jibu: "Hapo umenoa!" Nayo methali isemayo kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi ina nguvu pekee kwa jamii iliyojua uchongaji wa vinyago na iliyojua pia hofu ya vinyago vinapotoka kucheza usiku. Katika nchi iliyo jirani na Wamakonde, methali hiyo ilikuwa na nyama na mifupa.

6.0 Uraibu na Ujira

Inafaa sasa kuuliza ni nani anayeyatunza maneno haya. Jibu la haraka lingekuwa seremala wa kulipwa. Hata hivyo, seremala wa mjini anashindana na muda. Mteja anataka kitanda kabla ya mwisho wa mwezi, na samani za viwandani zinazoingizwa kutoka nje zinamngojea dukani. Mashine ya kuranda inamwokoa fundi huyo, na hapana haki ya kumlaumu. Mafunzo ya ufundi stadi, yaliyopewa mamlaka yake mwaka 1994 kwa kuundwa kwa VETA, nayo hayana budi kumwandaa kijana kwa mashine hizo.

Anayechonga kwa kupenda hana mteja wa kumharakisha. Katika Nachingwea na Ruangwa mwaka wa mkulima hutawaliwa na korosho na ufuta, na baina ya misimu hupatikana siku za nafasi. Kazi inayozijaza siku hizo ina ratiba yake yenyewe. Chukua mfano wa kinu. Pingili ya gogo huchaguliwa isiyo na ufa, hukaushwa kivulini maana jua huipasua, hutolewa umbo la nje kwa shoka, kisha hufukuliwa ndani kwa tezo ndefu, pengine kwa msaada wa makaa. Mchi huchongwa kwa mti mgumu zaidi. Hatimaye mwanamke atakayekitumia hukipima kwa masikio: kinu kizuri kina mlio wake. Tezo yenyewe mara nyingi imetoka kwa mhunzi, aliyeifua kutokana na springi ya gari kuukuu. Kila hatua ina kitenzi chake, na anayeifanya taratibu humwambia mjukuu aliye pembeni: shika hapa, usikate kinyume cha nyuzi, geuza.

Kiswahili kinasumbuka kuipa jina shughuli hii. Uraibu, neno linalotumika sana katika vitabu vya shule vya Kenya kwa shughuli ya kujipumbaza, kwa asili lilihusu vitu vya kuzoeleka kama tumbaku na tambuu, na lingali likitumika kwa uteja wa dawa za kulevya. Wengine husema hobi. Wengine husema burudani, neno ambalo humfanya mfanya kazi aonekane mtazamaji. Upungufu huu una maelezo. Katika jamii ambayo kila kitu kilichochongwa kilikuwa na matumizi, mpaka baina ya kazi na starehe haukuchorwa kwenye ubao. Mzee anayechonga mwiko anajifurahisha na anatengeneza mwiko; kumlazimisha achague jina moja ni kumpotosha. Pengine lugha haikukosa neno. Ilikosa haja ya kutenganisha.

Ni lazima pia kusema kwamba upendo wa mti hauko juu ya sheria wala juu ya msitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliweka taratibu za uvunaji na iliimarisha nafasi ya vijiji katika kumiliki na kusimamia misitu yao. Katika wilaya ya Kilwa, vijiji vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu ya asili, hatua iliyowapa wanakijiji sababu ya kuutunza mpingo. Mchongaji wa nyumbani, ambaye hutosheka na tawi lililoanguka au masalio ya mbao za fundi, si adui wa msitu huo. Yeye ndiye anayejua thamani ya kila mti kwa jina lake, na jina la mti likipotea, mti huo huwa kuni tu.

7.0 Wajibu wa Wanaisimu

Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001 na kutoa Atlasi yake mwaka 2009, ulidhihirisha kwamba lugha za nchi hii zinaweza kutafitiwa na wenyewe. Kazi iliyobaki ni ya kushuka kutoka kwenye ramani hadi kwenye karakana.

Njia ya utafiti ina uzito. Mtafiti anayeketi na dodoso na kumwuliza mzee, "Patasi mnaiitaje kwa Kimwera?" atapewa jina moja, na mara nyingi jina hilo litakuwa patasi. Anayemwamkia, "Shikamoo babu," akaomba kushika upande wa pili wa gogo, atasikia yasiyo katika dodoso lolote: jina la mlio wa shoka linapogonga kiini, jina la ufa unaoanzia katikati, kitenzi cha kukata kwa kuvuta na kingine cha kukata kwa kusukuma. Msamiati wa mikono hutoka mikono inapofanya kazi. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba wanafunzi wa leksikografia wapelekwe uwandani kama wanagenzi, warekodi kazi nzima kuanzia mti hadi chombo, waandike Kiswahili na lugha ya mahali sambamba, wachore kila zana na sehemu zake, na waliowafundisha wapewe nakala na watambuliwe kuwa walimu.

Aidha, kamusi zinazohaririwa upya zisiyafute maneno kama msukano na jivu kwa hoja kwamba hayasikiki mijini. Kamusi hupima matumizi, ndiyo. Lakini pia hutunza ufunguo wa nyumba ambazo wasemaji wanaweza kutaka kurudi.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonesha kwamba useremala wa zana za mkono umekipa Kiswahili matabaka ya istilahi, kanuni za unyambuaji, muundo wa kisintaksia na sitiari zinazobeba mawazo ya kila siku. Umeonesha pia kwamba utajiri huo haulindwi na soko, na kwamba katika maeneo kama Nachingwea na Ruangwa unaendelea kuishi katika saa za nafasi za watu wasiolipwa kwa kuutunza. Shoka lisilo mpini halichanji kuni, na neno lisilo mkono unaolijua hubaki sauti. Mipini mingi bado ipo, nao wanaoichonga bado wanaweza kuulizwa. Waulizwe msimu huu, kabla ya mvua.